Molière: alifia jukwaani kweli? Na kwa nini alizikwa usiku?

#1 Kipanga wa Tanga
Wakuu, habari za jioni. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Molière, yule Mfaransa wa tamthilia za kuchekesha, alifia jukwaani akiigiza mtu anayejidhania mgonjwa, na watazamaji wakacheka wakidhani ndio mchezo wenyewe. Halafu kanisa likagoma kumzika, akaja kufukiwa usiku. Mtu aliyemchekesha mfalme Louis XIV kwa zaidi ya miaka kumi! Alikosa nini hasa? Mimi nasema ni kisasi cha mapadri kwa ajili ya Tartuffe, tamthilia yake kuhusu mnafiki wa dini. Mwenye hoja nyingine ailete.

#2 Mama Ntilie Mjini
Nimeshatandika mkeka. Endeleeni.

#3 Ticha Mstaafu
Kipanga, turekebishe kwanza. Hakufia jukwaani. Ilikuwa Ijumaa, 17 Februari 1673, onyesho la nne la mchezo huo, Le Malade imaginaire, katika ukumbi wa Palais-Royal, Paris. Mwishoni kuna sherehe ya dhihaka ambapo mgonjwa, Argan, anaapishwa kuwa daktari kwa Kilatini cha kubabaisha. Pale anapotakiwa kusema "Juro", yaani naapa, Molière akashikwa na mtukutiko. Akaufunika kwa kicheko cha kulazimisha, akamaliza mchezo. Alibebwa kwenye kiti hadi kwake, mtaa wa Richelieu, akafa mnamo saa nne usiku. Alikuwa na miaka 51.

#4 Kipanga wa Tanga
Ticha, umesema nilichosema mimi, umeongeza tu anwani. Kifo kilimkamatia jukwaani, nyumbani alipelekwa kumalizia.

#5 Ticha Mstaafu
Hapana, bwana. Hizo saa chache ndizo zenye kesi yote. Angedondoka pale pale, watu wangesema kifo cha ghafla, hakuna aliyewahi kuita padri. Lakini alifika nyumbani akiwa na akili zake, na akaomba padri. Wawili wa parokia ya Saint-Eustache wakakataa kuja. Wa tatu alikubali, akafika mtu ameshakata roho. Hayo yamo katika ombi ambalo mjane wake, Armande Béjart, alimpelekea Askofu Mkuu. Na waliokuwa naye chumbani ni masista wawili waliokuja Paris kukusanya sadaka wakati wa Kwaresima, yeye ndiye aliyewapa malazi.

#6 Muuguzi wa Zamu
Mimi nimevutwa na ugonjwa wenyewe. Mwigizaji mwenzake, La Grange, aliyekuwa anaweka daftari la kundi (siku ya onyesho, mchezo, mapato), aliandika kwamba Molière alikuwa na mafua na kifua kilichomletea kikohozi kikubwa, na kwa nguvu aliyotumia kutoa makohozi mshipa ukapasuka ndani. Wengi wanasema kifua kikuu, na kwa mtu aliyekohoa miaka mingi na kumaliza kwa kutapika damu, hata mimi ningeanza na hilo. Ila nimeshaona wodini mtu mwenye njia za hewa zilizoharibika na nimonia za nyuma akatoa damu beseni zima, na vipimo vya TB vikarudi safi. Makohozi ya 1673 hakuna aliyeyatia kwenye darubini, basi kila daktari anayeandika leo anapiga ramli.

Kingine: matibabu ya wakati ule yalikuwa kutoa damu na kupiga enema. Mtu anayepoteza damu unamtoa damu nyingine. Sishangai kwamba aliwachukia.

#7 Mtoto wa Kenya
Jambo bandugu. Sisi huku Lubumbashi Molière tulimusoma ku masomo, lazima, upende usipende. Sasa niandike Kiswahili yenu musinicheke. Nilicheza Harpagon, bahili wa L'Avare. Ameibiwa kasha lake la pesa alilofukia bustanini, anapiga kelele "mwizi, mwizi", anakamata mkono, kumbe ni mkono wake mwenyewe. Halafu anageukia watazamaji, anauliza mwizi yuko kati yenu? Mimi nilimunyooshea kidole mkuu wa masomo aliyeketi mbele. Ukumbi wote ulilipuka. Yeye hakucheka. Wiki ile nilifagia kiwanja peke yangu.

#8 Kasuku Mweusi
Mtoto wa Kenya uko Lubumbashi? Amua moja mzee.

#9 Mtoto wa Kenya
Kenya ni komini ya Lubumbashi, ndugu. Soma ramani.

#10 Kipanga wa Tanga
Turudi kwenye mada. Tartuffe ilichezwa Versailles 12 Mei 1664. Mnafiki anaingia nyumba ya tajiri Orgon kwa sala nyingi, anataka binti, anamtaka na mke, mwisho anataka na nyumba. Mapadri wakaona wametajwa. Padri mmoja, Pierre Roullé, aliandika mwaka huo huo kwamba Molière ni shetani aliyevaa mwili wa binadamu na anastahili moto. 1667 akajaribu tena kwa jina jingine, mchezo ukafungwa baada ya onyesho moja, na Askofu Mkuu Péréfixe akatishia kumtenga na kanisa yeyote atakayeucheza, kuusoma au hata kuusikiliza. Ruhusa ilikuja 5 Februari 1669. Miaka mitano ya vita! Sasa adui huyo anaugua, anaomba padri, wawili wanakataa. Mnataka ushahidi gani tena?

#11 Ticha Mstaafu
Nataka ushahidi usioruka mambo. Kanuni ya jimbo la Paris iliwaweka waigizaji wote pamoja na watu wanaotenda dhambi hadharani. Hawapewi sakramenti mpaka waikane kazi yao. Haikuandikwa kwa ajili ya Molière. Na mfano ninao: Madeleine Béjart, aliyeanzisha naye kundi la Illustre Théâtre mwaka 1643, alikufa 17 Februari 1672, mwaka mmoja kamili kabla yake, tarehe ile ile. Aliikana kazi kwa maandishi, akapewa sakramenti, akazikwa kanisani Saint-Paul kwa heshima. Kundi lile lile, kazi ile ile. Aliyetia sahihi alizikwa vizuri. Ambaye hakuwahi kutia sahihi ndiye huyu tunayembishania.

#12 Kipanga wa Tanga
Madeleine hakuandika Tartuffe.

#13 Ticha Mstaafu
Ila aliicheza. Yeye ndiye aliyekuwa Dorine, mtumishi wa kike mwenye mdomo anayemuumbua yule mnafiki mbele ya watu.

#14 Mama Ntilie Mjini
😂😂 Kipanga kaa chini kidogo unywe maji.

#15 Mpiga Tarumbeta
Hili la kukataliwa maziko nalijua kwa macho. Baba yangu mdogo alipiga muziki wa dansi kwenye mabaa karibu maisha yake yote. Alipofariki, paroko hakusema neno kuhusu muziki. Aliuliza: jumuiya yake ipi? Kadi ya zaka iko wapi? Mwenyekiti wa jumuiya akasema huyu hatujawahi kumwona. Shangazi akazunguka mtaa mzima na daftari kukusanya sahihi, maiti iko mochwari, gharama zinapanda. Mwisho alikuja katekista, ibada fupi, basi. Wanafamilia mpaka leo wamegawanyika, wengine wanasema ni kwa sababu ya baa, wengine kwa sababu ya zaka. Kwa hiyo Ticha na Kipanga, inawezekana nyote mko sahihi. Kanuni ipo, lakini nani ataibana na nani ataachiwa, hilo linategemea anavyopendwa.

#16 Zumari la Mji wa Kale
Mimi wa Mombasa naomba kuuliza. Usiku una ubaya gani? Huku kwetu maiti huzikwa hata usiku, watu wakashika taa, na hakuna aonaye kuwa ni adhabu.

#17 Ticha Mstaafu
Swali zuri. Hata Paris ya wakati ule wakubwa walizikwa usiku kwa mienge, na ilikuwa fahari. Adhabu iko kwenye maneno ya kibali. Armande alikwenda kumpigia magoti mfalme, na Askofu Mkuu mpya, Harlay de Champvallon (naye mambo yake na wanawake yalijulikana mji mzima), akaruhusu kwa masharti: mapadri wawili tu, nje ya saa za mchana, na pasiwe na ibada yoyote ya heshima, si Saint-Eustache wala kanisa jingine. Alizikwa 21 Februari, siku nne baada ya kufa, makaburi ya Saint-Joseph.

#18 Kipanga wa Tanga
Na Armande akatupa pesa dirishani ili umati uliokuja kufanya fujo utawanyike. Hilo umeliruka.

#19 Ticha Mstaafu
Hilo ni la Grimarest, aliyeandika maisha ya Molière mwaka 1705, miaka 32 baadaye, na mengi aliyapata kwa Baron, mwigizaji kijana aliyelelewa na Molière na ambaye hakupatana na Armande. Kuna barua ya wakati ule ule isiyo na jina la mwandishi inayoeleza mazishi. Ndani yake hakuna dirisha. Kuna maskini wengi waliogawiwa sadaka, kila mmoja sou 5, sarafu ndogo za wakati ule. Kuna watoto sita wamebeba mishumaa kwenye vinara vya fedha. Na mapadri waliobeba jeneza ni wanne.

#20 Mpiga Tarumbeta
Kibali wawili, wamekuja wanne. Hao wawili wa ziada ndio ningependa kuwahoji.

#21 Muuguzi wa Zamu
Grimarest tusimtupe wote. Yeye ndiye anayesema Molière alipofikishwa nyumbani alikataa supu ya mkewe, akisema ni kali mno kwake, akaomba kipande cha jibini ya Parma na mkate. Mtu wa kutunga angempa maneno mazito ya kufa. Jibini? Hilo lina harufu ya ukweli. Na anasema mchana wake walimsihi asicheze, akajibu kwamba kuna vibarua hamsini wanaoishi kwa ujira wa siku, wakikosa onyesho watakula nini?

#22 Fundi Makochi
Jamani mimi msomaji wa kimya, leo nimeshindwa. Nimeona mahali kwamba baba yake Molière alikuwa fundi wa samani za vitambaa, kazi yangu hii hii. Kuna ukweli?

#23 Ticha Mstaafu
Ndiyo, tena fundi wa mfalme. Jean Poquelin alishika cheo hicho mwaka 1631. Kazi ni mapazia, vitanda, viti, na kwa zamu ya miezi mitatu kwa mwaka kuhudumu ikulu, pamoja na kusaidia kutandika kitanda cha mfalme. Mtoto, Jean-Baptiste Poquelin, aliyebatizwa 15 Januari 1622, ndiye aliyetarajiwa kurithi. Alisomeshwa kwa Wajesuiti, chuo cha Clermont. Mwaka 1643 akamwachia mdogo wake cheo, akaenda kwenye maigizo. Miaka miwili baadaye kundi limefilisika na yeye yuko jela ya Châtelet kwa madeni, yakiwemo ya mishumaa. Akatoka, akazunguka mikoani miaka kumi na tatu hivi. Akarudi Paris 1658, akacheza mbele ya mfalme Louvre tarehe 24 Oktoba. Walianza na tanzia ya Corneille, mwandishi mwingine mkubwa wa tamthilia wa enzi ile, ukumbi ukapooza, kisha akaomba ruhusa ya kuongeza kichekesho kifupi alichokuwa anakizungusha mikoani. Hicho ndicho kilichompa ukumbi.

#24 Fundi Makochi
Baba alilia nadhani. Mimi wangu wa kwanza anataka kuwa mchekeshaji wa mtandaoni, mashine ya kushonea nimeiweka, hataki hata kuigusa.

#25 Ticha Mstaafu
Subiri, fundi, sijamaliza. Mdogo wake alipokufa mwaka 1660, Molière alikirudia kile cheo, na alikishika mpaka kufa. Rejista ya mazishi ya Saint-Eustache inamtaja kuwa fundi wa samani na mtumishi wa chumba cha mfalme. Neno mwigizaji halimo. Na ile barua inasema jeneza lilifunikwa kwa kitambaa cha chama cha mafundi hao.

#26 Mpiga Tarumbeta
Hapo sasa! Basi ndiyo njia ya panya waliyoitumia. Mwigizaji hazikwi, fundi makochi anazikwa. Na mapadri wanne wanapata sababu ya kuja.

#27 Kipanga wa Tanga
Nadharia ya nne hiyo, na yote inathibitisha kwamba kuna watu walikuwa wanamtafuta hadi inabidi afichwe ndani ya cheo cha baba yake.

#28 BintiBujumbura
Habari wote. Nafundisha maigizo ya shule hapa Bujumbura. Kuna jambo hamjaligusa: waigizaji wa Kiitaliano. Walikuwa Paris hiyo hiyo, wakicheza ukumbi mmoja na Molière kwa kupokezana siku. Tiberio Fiorilli, aliyejulikana kwa jina la mhusika wake wa kuchekesha, Scaramouche, ambaye watu walisema Molière alijifunza kwake, alikufa 1694 akazikwa Saint-Eustache bila vurugu. Maparokia yale yale, kazi ile ile. Kama ni kanuni, mbona Waitaliano walipita? Kwao Roma haikuwa na sheria hiyo, lilikuwa jambo la kanisa la Ufaransa.

#29 Ticha Mstaafu
Hapo umenibana kidogo, binti. Lakini kumbuka 1694 si 1673.

#30 Kasuku Mweusi
"Kidogo" 😂 Ticha hajawahi kubanwa kabisa tangu ajiunge.

Mimi naona wote mnamsahau mfalme. Mwaka 1663 mwigizaji Montfleury alimshtaki Molière kwa mfalme kwamba ameoa binti wa mwanamke aliyewahi kulala naye, maana Armande wengine wanasema ni mdogo wake Madeleine, wengine binti wa Madeleine, na Madeleine aliwahi kuwa mpenzi wa Molière. Mfalme alijibuje? Mwaka uliofuata akawa baba wa ubatizo wa mtoto wao wa kwanza. Kinga ya namna hiyo! Sasa 1673 mfalme huyo huyo anashindwa kumwambia askofu "zika mchana"? Alikuwa amemchoka. Lully, mwanamuziki aliyetunga naye Le Bourgeois gentilhomme, ndiye aliyekuwa kipenzi, ameshapata haki ya opera tangu 1672 na amewabana wenzake wasitumie wanamuziki wengi. Ndiyo maana muziki wa ule mchezo wa mwisho ulitungwa na Charpentier, na mchezo haukuanzia ikulu. Molière amezikwa tu, Lully kachukua na ukumbi wa Palais-Royal. Kundi likahamia mtaa wa Guénégaud.

#31 BintiBujumbura
Ila 1674 mfalme aliagiza Le Malade imaginaire ichezwe kwenye bustani za Versailles. Amechoka gani huko?

#32 Kasuku Mweusi
Msanii akishakufa hata mahasimu wake wanaweka picha yake kwenye hali zao. Umesahau tunakoishi?

#33 Mtoto wa Kenya
BintiBujumbura, ni kweli waigizaji wa Ufaransa wanaogopa kijani kwa sababu yake? Mwalimu wetu alikataza hata skafu.

#34 BintiBujumbura
Wanaogopa, ndiyo. Wanasema ndiyo rangi aliyovaa siku ya mwisho. Wengine wanasema sumu iliyokuwa kwenye dawa za kupaka vitambaa kijani, wengine mwanga wa mishumaa uliofanya kijani kionekane kibaya. Mimi siamini lolote. Alceste, mhusika mkuu wa tamthilia yake Le Misanthrope, anaitwa mle ndani mtu wa riboni za kijani, na aliyemcheza tangu 4 Juni 1666 ni Molière mwenyewe. Amevaa kijani miaka na miaka na akarudi nyumbani kula.

#35 Zumari la Mji wa Kale
Je, kaburi lake li wapi leo?

#36 Ticha Mstaafu
Makaburi ya Père-Lachaise, Paris, karibu na mshairi La Fontaine, tangu 1817. Kama ni yeye. Ile barua inasema alizikwa chini ya msalaba, wengine wakasema sehemu nyingine ya makaburi, na walipofukua 1792 wakati wa Mapinduzi walichukua mifupa waliyodhani ndiyo. Mwaka 2022, miaka 400 tangu azaliwe, watu waliomba apelekwe Panthéon, jengo la Paris wanapozikwa mashujaa wa taifa, Ikulu ya Ufaransa ikasema pale ni mahali pa watu wa kuanzia zama za Mwanga, yaani karne ya 18. Na Académie française, chuo cha wateule wa lugha ya Kifaransa, ambayo hakuwahi kuwa mwanachama wake, iliweka sanamu yake 1778 na kuandika kwamba utukufu wake haukupungukiwa na kitu, wao ndio waliopungukiwa naye.

#37 Kasuku Mweusi
Sasa niwashe moto. Hakuna hata ukurasa mmoja wa tamthilia wenye mwandiko wake. Mwandishi Pierre Louÿs alisema 1919 kwamba mwandishi ni Corneille. Mtafiti Labbé akaja 2001 na hesabu za kompyuta, akasema hivyo hivyo. Na tamthilia ya Psyché ya 1671 inajulikana wazi Corneille aliandika sehemu kubwa ya mashairi. Nani ametuhakikishia kwamba tunayemlilia si meneja wa kundi tu?

#38 BintiBujumbura
Watafiti Cafiero na Camps, 2019, walipima msamiati, vina, viambishi, vyote, tamthilia za Molière zikakaa upande wake na za Corneille upande wake. Na miswada ya Corneille ya jukwaani nayo iko wapi? Enzi ile kikishachapwa, karatasi za mkono zilitupwa.

#39 Kipanga wa Tanga
Kasuku, huo ufungulie uzi wako. Hapa ni mazishi.

#40 Mama Ntilie Mjini
Naomba kujua kama kuna ya Kiswahili, nimpe binti yangu wa kidato cha tatu.

#41 Ticha Mstaafu
Zipo tangu zamani. Tabibu Asiyependa Utabibu na Mchuuzi Mwungwana, zote za Morrison, na Mnafiki ndiyo Tartuffe yenyewe. Kuzipata dukani ni bahati, jaribu maktaba za vyuo. Ya kwangu ya Mchuuzi Mwungwana iliazimwa na mwalimu mwenzangu, amestaafu nayo.

#42 Fundi Makochi
Nimetafuta picha ya kile kiti alichokalia siku ile, kinatunzwa Comédie-Française, lile kundi lililoundwa 1680 kutokana na watu wake. Ngozi nyeusi imechakaa, mgongo unalala nyuma kwa chuma chenye meno kama wa viti vya vinyozi wa zamani. Kazi safi. Kwa ngozi halisi na hicho chuma, hapa Keko sikitengenezi chini ya laki nane.

#43 Mpiga Tarumbeta
Laki nane bila mishumaa?

#44 Kipanga wa Tanga
Ticha, nasubiri jibu la Waitaliano. "1694 si 1673" si jibu.